Mwache Alie

Kwa mtu aliyekulia Tanzania, nyumba ya kitambaa mara nyingi haina habari ya starehe. Turubai ni la msiba kwanza, la harusi baadaye; ukiliona limefungwa asubuhi mbele ya nyumba ya jirani, unapunguza sauti ya redio kabla hujauliza kuna nini. Hema, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, tunalisikia katika habari za Ibrahimu, katika habari za mahujaji walioko Mina, na katika matangazo ya mikutano ya injili. Kambi ni ya jeshi, ya timu inayojiandaa na mechi, ya watoto wa darasa la saba wanaolala shuleni wakisubiri mtihani, na ya wakimbizi. Nasoma shahada ya uzamili ya Kiswahili, kwa hiyo maneno kama haya ndiyo kazi yangu. Hata hivyo, dada yangu aliponipigia simu mwezi Mei akasema anataka kuwapeleka watoto kambi, swali lililonitoka lilikuwa la mtu yeyote: kambi ya nini?

"Ya kulala tu," alisema. "Kwenye hema. Bila sababu."

Sababu alikuwa nayo. Dada ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Ana watoto watatu: wa kiume wa miaka sita, wa kike wa miaka mitatu, na kitinda mimba, msichana, ambaye mwezi ule wa Mei alikuwa na miezi sita. Shemeji anaendesha lori la mizigo kwenda Lubumbashi. Foleni ikiwa ndefu Tunduma, kisha ikawa ndefu tena Kasumbalesa, watoto wanamwona baba yao kwenye simu kwa wiki nyingi. Siku 84 za likizo ya uzazi zilikwisha, Dada akarudi kwenye zamu za usiku. Anapotoka kazini watoto wanaamka. Anapoamka yeye, wameshakula na wamekaa mbele ya televisheni na msichana wa kazi, ndani ya vyumba viwili vya kupanga, nyuma ya geti linalofungwa kwa kufuli. Mkubwa alikuwa hajawahi kuona giza. Namaanisha giza lenyewe, lisilo na taa ya duka wala bodaboda inayopita.

"Nina siku saba za likizo," Dada aliniambia. "Nataka siku tatu kati ya hizo nisiwe na mahali pengine pa kwenda."

Bibi, mama yake mama, alikuwa kwa Dada tangu Aprili. Alikuja kutoka Mishamo, mkoani Katavi, kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Tulipomweleza mpango wetu alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Nyumba imefanya nini?" aliuliza.

"Haijafanya kitu, Bibi. Ni matembezi tu."

"Na huko mnalala bure?"

"Tunalipa."

"Mnalipa," alisema, "ili mlale nje na mtoto mchanga." Akaendelea na mchicha wake. Hakulizungumzia tena jambo hilo kwa siku mbili, na mtu anayemjua Bibi anaelewa kwamba siku mbili za kimya ni hotuba ndefu.

Hema nilikuwa nalo. Mwanafunzi mwenzangu aliyewahi kufanya kazi ya kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro aliniuzia mawili kwa bei ya kirafiki, moja la watu wanne na jingine la watu wawili. Yeyote anayetaka kwenda na watoto ajue hesabu hii mapema: hema la watu wanne ni la watu wanne waliolala kama dagaa kwenye pakiti, bila mabegi, bila poti la mtoto, bila ndoo. Mama mmoja na watoto wawili wanalijaza. Siku ya tatu Bibi alisema tumwoneshe. Tukalisimamisha uani, kati ya kamba za kuanikia nguo. Alilizunguka polepole, kwa macho yake mapya, akalishika kitambaa kwa vidole viwili kama anayepima khanga dukani, akahesabu vigingi.

"Hili halina uzito," alisema. "Letu lilibebwa na wanaume wanne." Kisha akaingia ndani, akakaa, akatoka. "Na mimi nakwenda."

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mwezi Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, na jeshi la serikali ya Micombero likajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima kwa miezi kadhaa. Makadirio ya waliouawa huanzia watu 100,000 na kwenda juu. Maelfu walikimbilia Tanzania. Bibi alikuwa mmoja wao. Aliingia Kigoma kwa miguu, upande wa Manyovu, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Umri kamili haujui. Kwenye cheti chake siku ya kuzaliwa imeandikwa 1 Januari, kama ya majirani zake wengi. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wake wa kwanza, ambaye ni mama yetu. Kutoka Kigoma walipelekwa Ulyankulu, Tabora, wakafyeka pori na kulima. Maji hayakuwatosha watu wote waliokuwa wamewekwa pale, na mwaka 1978 familia nyingi, yetu ikiwemo, zilihamishiwa Mishamo. Mwaka 2014 Serikali ya Tanzania ilianza kugawa vyeti vya uraia kwa watu zaidi ya 160,000 wa kundi lile la 1972. Bibi amekiweka cha kwake ndani ya Biblia, na Biblia ndani ya mfuko wa plastiki.

Hayo ndiyo tuliyoyajua. Ni historia inayotosha kwenye fomu. Nyumbani haikuzungumzwa zaidi ya hapo.

Tuliondoka stendi ya Magufuli alfajiri, wiki ya tatu ya Juni, tukielekea Lushoto. Dada alipachagua kwa sababu tatu za kiuguzi: hakuna wanyama wakubwa wa kuogopesha mama mwenye watoto, hospitali haiko mbali, na mbu huko juu ni wachache kuliko pwani. Malaria hupungua kadiri unavyopanda milima ya Usambara. Hilo wenyeji wa Mombo, walioko chini kwenye joto, watakwambia bila kwenda shule. Lakini kila faida ina bei yake, na bei ya kukosa mbu ni baridi. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za kona, na barabara inapanda hadi zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Wa katikati alitapika kabla ya Soni. Mkubwa alitapika baada ya Soni. Kitinda mimba alilala njia nzima kwenye mbeleko ya Bibi, kwa usingizi wa mtu ambaye hajui kona ni nini.

Mahali pa kambi palikuwa shamba la mtu, pembeni ya msitu wa Magamba. Palikuwa na bomba la maji, choo cha shimo kisafi, na banda la kupikia. Mahema mengine matatu yalikuwa yameshasimama, ya vijana kutoka Dar wenye spika ndogo na jiko la nyama choma. Tulipofika waliinua mikono kutusalimu. Nilimwona mmoja akimtazama kitinda mimba, kisha akatazama umbali kati ya hema lake na mahali tulipotua mizigo.

Kazi ya kuweka kambi na watoto wadogo ni kazi ya kugawana macho. Dada alitangulia kuweka mipaka: mawe yaliyopakwa chokaa ndiyo mwisho wa dunia, na mtu haendi chooni peke yake. Kisha akapanga ndani ya hema kama anavyopanga trei ya wodini. Mkeka chini, godoro la sponji juu yake, kwa sababu baridi inayomuumiza mtoto usiku hutoka ardhini zaidi kuliko hewani. Nguo nyepesi kadhaa zikivalishwa moja juu ya nyingine, badala ya blanketi moja zito linaloweza kumfunika uso. Mtoto alale chali, bila mto, katikati ya hema, mbali na kuta, kwa sababu pumzi za watu wanne hugeuka maji usiku na kitambaa hulowa kwa ndani hata kama mvua haijanyesha. Poti la wa katikati liwe mlangoni pamoja na tochi, pahali pamoja kila usiku, ili mkono ulipate gizani.

"Ukitaka kujua kama anasikia baridi," aliniambia, "usishike vidole. Vidole vya mtoto ni vya baridi siku zote. Shika hapa." Akaingiza mkono wangu nyuma ya shingo ya kitinda mimba. Palikuwa na joto la mkate.

Wakati sisi tukihangaika na magodoro, Bibi alikuwa ameazima jembe kwa msimamizi wa shamba na ameanza kuchimba mfereji kuzunguka hema kubwa. Msimamizi alirudi baada ya dakika kumi akakuta nusu ya kazi imekwisha.

"Shikamoo, Bibi. Samahani, hapa mifereji hairuhusiwi. Inaharibu majani. Halafu mahema ya siku hizi yana sakafu iliyoshonewa, maji hayaingii."

"Marahaba, mwanangu. Umewahi kulala kwenye hema na mtoto mvua ikinyesha?"

Yule kijana alifikiri. "Hapana, Bibi. Mimi nina nyumba."

"Haya," alisema Bibi, akaendelea kuchimba, kwa jembe lake yule kijana.

Jioni baridi ilishuka kutoka msituni pamoja na ukungu, na ndipo Bibi na Dada walipokorofishana. Bibi alichukua jiko la mkaa lililobaki na makaa mekundu akalisogeza mlangoni mwa hema. Dada alisimama mbele yake.

"Hilo haliingii, Bibi."

"Mtoto atapata baridi."

"Atavaa. Jiko haliingii."

Bibi alisema walilala na moto ndani miaka yote ya Ulyankulu, na watoto wakakua. Dada, ambaye huwa hamjibu Bibi, alimjibu. Alisema nyumba ya nyasi inapumua kila upande, na hema hili limefungwa kwa zipu. Alisema mkaa unatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo haimwamshi mtu aliyelala. Inamwongezea usingizi tu mpaka asiamke. Alisema amewahi kupokea familia iliyoletwa asubuhi, ya watu waliokuwa wanatafuta joto kama yeye. Hakueleza zaidi. Bibi alimtazama usoni kwa muda.

"Hata tukiacha dirisha wazi?"

"Hata tukiacha wazi."

Bibi akalirudisha jiko bandani, akaweka sufuria ya maji juu yake. "Basi tutajaza chupa ya chai," alisema. Hivyo ndivyo walivyogawana: mfereji wa Bibi ukabaki, jiko la Bibi likatoka. Sikumbuki kuwaona wakikubaliana kwa usawa hivyo kabla ya siku ile.

Nililala hema dogo na mkubwa. Alinyamaza kwa dakika chache, halafu msitu ukapiga kelele. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ikipanda ngazi kwa ngazi hadi ikawa ukelele.

"Mjomba. Nani anachinjwa?"

Nilimwambia ni perere, mnyama mdogo kama sungura anayeishi juu ya miti. Akauliza kwa nini analia. Nikasema anawaambia wenzake mti huu una mwenyewe. Akauliza kama mti huu una mwenyewe hata usiku. Kisha akataka kuzima tochi mwenyewe, akaizima, akashika mkono wangu. "Sioni kitu," alinong'ona, kwa sauti ya mtu aliyepewa zawadi.

Kitinda mimba aliamka saa nane usiku.

Kilio kilianza kidogo kisha kikapanda. Ukuta wa hema hauzuii sauti hata kidogo. Nilisikia Dada akimnyonyesha, nikasikia titi likikataliwa, nikasikia nepi ikibadilishwa, nikasikia wa katikati akilalamika usingizini. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mtoto alilia kilio kile ambacho hakina sababu unayoweza kuitibu, labda jino, labda kona za Soni zilikuwa zimemfikia sasa. Katika vyumba vya Tabata kilio cha namna hiyo hupotea kati ya mashabiki wa mpira na mafeni ya majirani. Huku hakikuwa na mahali pa kupotelea. Zipu ikafunguka kwenye hema mojawapo la vijana, na sauti ikasema, bila ukali, kwa uchovu tu, "Jamani, huyo mtoto vipi?"

Nilimsikia Dada akitafuta viatu.

"Unakwenda wapi?" Bibi aliuliza.

"Nje, nimtembeze. Anawasumbua watu."

"Nje kuna mvua."

"Bibi, anawaamsha watu wote."

"Mwache alie," alisema Bibi. "Nani anatutafuta?"

Kulikuwa na kimya, isipokuwa kilio. Halafu Bibi akaanza kusimulia. Hakusimulia kama anayetoa historia. Alizungumza kwa sauti ya chini na tambarare, kama anayemweleza mtu jinsi ya kufika sokoni. Nilikuwa nimelala mita mbili kutoka kwake, kuta mbili za kitambaa kati yetu, na nikayasikia yote.

Alisema walitembea usiku nane. Mchana walilala kwenye majani marefu mabondeni. Mama yetu alikuwa na umri kama wa huyu, ndiyo kwanza ameanza kukaa mwenyewe. Usiku wa pili wanaume wa kundi walisema wanawake wenye watoto wachanga watembee nyuma, mbali na wengine, kwa sababu sauti moja ingewamaliza wote. Hakuwalaumu. Alisema hata yeye, kama angekuwa hana mtoto, angesema hivyo. Kwa hiyo akajifunza. Alimweka mtoto titini mchana kutwa hata pale titi lilipokuwa kavu. Na titi liliposhindwa, aliweka mkono.

"Mkono unajifunza," alisema. "Kuna namna ya kuuweka sauti isitoke na pumzi ipite. Ukikosea kidogo upande huu, sauti inatoka. Ukikosea upande ule..." Akataja jina la mwanamke mmoja, akanyamaza. Dada hakumuuliza.

Alisema neno alilolitumia siku zile zote lilikuwa moja tu, *hora*. Kwa Kirundi ndivyo unavyombembeleza mtoto: tulia, nyamaza. Alilisema mpaka likaacha kuwa neno. Ndipo nikagundua kitu ambacho nilikuwa nimeishi nacho bila kukiona. Bibi ametulea sote wawili, wakati Mama akiwa shambani, na katika utoto wangu wote sijawahi kumsikia akilisema neno hilo kwa mtoto. Mabibi wengine wa Mishamo walilisema siku nzima. Yeye alikuwa anambeba mtoto anayelia, anatembea naye, anamwacha alie hadi amalize.

"Kisha tukafika," Bibi alisema. "Wakatuweka kwenye hema. Kubwa, zito, linanuka mafuta. Sijui tulikuwa familia ngapi humo. Usiku ule watoto wakaanza kulia. Mmoja, wawili, kisha wote. Walilia kama waliokuwa wanadaiwa. Mama yenu alilia mpaka asubuhi. Hakuna mtu mzima aliyelala, na hakuna aliyesema kitu. Tulikaa tu tunawasikiliza."

Dada alivua viatu. Nilisikia kimoja kikianguka, kisha cha pili. Kitinda mimba alilia labda nusu saa nyingine. Hakuna aliyemtikisa, hakuna aliyemnyamazisha. Dada alikuwa amemlaza kifuani, nadhani, kwa sababu sauti ilitoka mahali pamoja. Manyunyu yalipiga paa. Vijana hawakusema tena kitu. Baadaye kilio kikawa vipande, kisha kikawa pumzi.

Tangu hapo nimekuwa nikijaribu kuielewa dhana yangu mwenyewe. Nilikuwa nimechukulia kwamba kwa Bibi hema ni jeraha, na kwamba amekubali kuja kwa kujitoa, kwa ajili ya vitukuu. Tulikuwa tumeshaonyana na Dada tusitaje neno wakimbizi safarini. Lakini katika hesabu yake hema halikuwa mwanzo wa shida. Lilikuwa mahali pa kwanza ambapo mtoto wake aliruhusiwa kutoa sauti. Alipouliza "nyumba imefanya nini?" alikuwa na wasiwasi wa mvua na baridi, wasiwasi wa mtu anayeujua ubovu wa mahema. Hakuwa analiogopa hema.

Sisemi kwamba kambi ya matembezi na kambi ya wakimbizi ni kitu kimoja. Neno moja linaweza kubeba vitu viwili bila kuvifanya ndugu. Waliokimbia Burundi mwaka 2015 walipokelewa Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, kule kule Kigoma alikoingilia Bibi, na wengi wao walianza maisha kwenye mahema. Pale mama hakuchagua mwezi wala mwinuko kwa kufuata mbu, na hakuwa na tarehe ya kurudi nyumbani. Tulichokilipia Lushoto ilikuwa tarehe hiyo. Asubuhi ya siku ya tatu tungekunja kitambaa na kushuka Mombo. Ukiwa na hakika ya kuondoka, karibu kila usumbufu wa hema unageuka kuwa hadithi: maziwa yaliyomwagika ndani ya begi la kulalia, soksi moja iliyobaki kavu kati ya sita, uji ulioliwa na majivu. Asiye na hakika hiyo anahesabu vitu hivyo hivyo kwa namna nyingine.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mkubwa alitaka kuuweka kwenye chupa. Msichana mmoja kutoka kwenye mahema ya vijana alikuja na sahani ya chapati. "Shikamoo, Bibi. Mtoto ameamkaje?" Bibi akasema salama, akamkabidhi kitinda mimba kabla hajaombwa, akachukua chapati. Yule msichana alisimama pale akiwa amemshika mtoto kama mtu aliyepewa fomu asiyojua kuijaza. Kitinda mimba alimshika pua.

Mchana tulikwenda Irente, kutazama kutoka ukingoni jinsi milima inavyokatika ghafla na nyika inavyotandaza chini yake mpaka macho yachoke. Wa katikati alikuwa amefungwa kiunoni kwa khanga, ncha ya pili mkononi mwangu. Dada alipata mtandao akampigia Mama, akaweka sauti ya juu ili Bibi asikie. Mama hakuuliza kuhusu baridi.

"Mtoto alilia usiku?"

"Sana," Dada alisema.

"Na Bibi yenu? Alilala?"

Dada akamtazama Bibi, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe akimenya pichesi. Kweli, kilio kilipokwisha, ndani ya dakika tano tulikuwa tumesikia Bibi akikoroma, na aliendelea hadi kukapambazuka, wakati sisi wengine tukigeuka geuka.

"Yeye ndiye aliyelala kuliko sisi sote."

Mama alicheka. Kisha akanyamaza kidogo upande wa pili, na nikasikia kuku wa Mishamo. "Vizuri," alisema.

Usiku wa pili kitinda mimba aliamka tena, saa kumi kasoro. Alilia, lakini kwa kifupi. Hakuna aliyetafuta viatu.

Siku ya kuondoka tulianika mahema juani hadi saa tano, kwa sababu hema likikunjwa na unyevu linaota ukungu na halitamfaa mtu tena. Nilihesabu vigingi, kimoja kilikosekana. Mkubwa akakitoa mfukoni, alikuwa anakihifadhi. Dada alizunguka na mfuko akikusanya nepi zote na karatasi zote. Bibi alikuwa na kazi yake. Alirudisha udongo kwenye mfereji, mkono mmoja kwa wakati mmoja, akapanga vipande vya majani juu yake kama mtu anayeshona kiraka, akavishindilia kwa kisigino. Msimamizi alikuja akamtazama, kisha akainama akamsaidia upande wa pili. Mvua ya manyunyu ilikuwa imenyesha usiku zote mbili.

"Maji yaliingia, Bibi?"

"Hayakuingia."

"Ni ile sakafu," alisema yule kijana.

Bibi akamrudishia jembe lake.